Mwaka wa Samli na Kitunguu Saumu

Elifasi tulimzika Kinondoni wiki iliyopita, jua kali, watu wachache, kwaya ya kanisa lao ikiimba kwa sauti za wazee. Baada ya maziko nilikaa chini ya turubai nyumbani kwake, sahani ya wali na maharage mapajani, na binti yake mkubwa, ambaye naye sasa ni bibi wa watu, akavuta kiti akakaa karibu yangu. "Shikamoo, Mzee Seifu," akasema, nikaitika. "Hivi ni kweli? Baba alikuwa anatuambia nyie wawili ujanani mliajiriwa na Mwingereza kuwalisha sungura samli. Sie tukawa tunacheka, tunajua anatupiga fiksi." Nikamwambia si fiksi. Tuliwalisha samli mpaka wakaugua, na baadhi yao tukawanywesha kitunguu saumu ili ionekane kama kitawasaidia. Akacheka mpaka akashika ubavu, akaenda kuwahadithia wenzake jikoni, na mimi nikabaki na sahani yangu. Sikucheka wala sikulia, na huyo marehemu ndiye rafiki niliyekaa naye muda mrefu kuliko ndugu zangu wa damu. Watu hudhani mimi ni mtu mkavu kwa tabia. Hapana, nilikauka mwaka mmoja, ndio huohuo wa sungura, na sijapata kurudi nilivyokuwa.

Mwaka wenyewe siutaji kwa tarakimu, maana nikiutaja wajukuu wataanza kutoa na kujumlisha umri wangu. Yatosha kusema kwamba bendera ilikuwa ya Mwingereza na haikuonyesha dalili ya kushuka. Nyumba ya wanyama ilikuwa pembezoni mwa Temeke, mahali nyumba zilipokoma mikorosho ikaanza. Ilikuwa chumba kirefu cha bati, sakafu ya saruji yenye mfereji katikati, na vizimba vya waya vilivyopangwa pande mbili kama vitanda vya wodi. Mchana bati lilichemka, tukawamwagia maji sakafuni sungura wapate ubaridi, na sisi wenyewe tukavua viatu tukasimama kwenye maji hayo. Elifasi alikuwa Mpare, ameshuka mjini na koti la sufu ambalo hakulivua hata jasho limtiririke mgongoni, kwa sababu chumba alichopanga Kinondoni hakikuwa na kufuli na koti ndilo lilikuwa mali yake. Daktari alikuwa Mzungu mrefu, mwembamba, mpole, anayekula mkate na jamu akiwa amesimama. Alikuwa akiwapasua sungura ubavuni, anaubana mshipa unaopeleka damu kwenye figo, kisha anawashona. Baada ya majuma kadhaa presha yao hupanda ikakaa hukohuko juu. Akishapata presha hiyo alitaka na damu yao ijae mafuta, yale mafuta ambayo siku hizi kila mtu anayaita kolestero, hata wauza chipsi. Hapo ndipo samli ilipoingia. Kazi ya samli ilikuwa yangu. Niliiyeyusha kwenye sufuria, nikaichanganya na pumba, nikawagawia wote wa pande mbili. Kazi ya Elifasi ilikuwa kuponda kitunguu saumu kwenye kinu, kukikamua kwa kitambaa, na kuwanywesha maji yake wale wa upande wa kulia tu. Wa kushoto walibaki na samli yao tupu. Samli na saumu vyote vilitoka duka moja, la Bwana Nasoro, Mwarabu aliyezaliwa hapohapo Temeke, ambaye kila nikifika alinitania, "Sungura wenu wanaoa nini, pilau haishi?"

Baba alikuwa mwadhini wa msikiti wetu mdogo, na Baba naye alikuwa na presha. Hilo ndilo la kulijua, mengine ya ukoo wetu hayana kazi hapa. Alikuwa akiamka na kichwa kizito, damu ikimtoka puani wakati wa kutawadha, na hospitali walimwambia apumzike na aache chumvi. Mama akaacha chumvi kwenye mchuzi, Baba akaongeza ndimu, na tukala hivyo, sote, wazima na mgonjwa, mchuzi wa samaki usio na ladha zaidi ya uchachu. Hakuna aliyelalamika. Nakumbuka zile jioni uani, mkeka, taa ya chemni, sinia katikati, na Baba akila taratibu huku akijipapasa kisogo kana kwamba kuna mtu kamwekea mkono pale. Alikuwa akisema yeye hana ila kazi mbili, kuwaita watu na kuingia nao, na kwamba siku akishindwa moja kati ya hizo tumhesabu kuwa ameondoka. Alisema kwa mzaha, lakini Mama hakupata kuucheka mzaha huo.

Damu ya sungura tuliitoa kwenye mshipa wa sikio. Ukiiacha kwenye kichupa huganda, na juu yake hubaki maji. Maji hayo kwa mnyama mzima huwa maangavu, manjano kidogo. Kwa wale wa samli tupu yalikuwa meupe kama tui la nazi. Asubuhi moja Daktari alishika vichupa viwili dirishani, akatuita. "Seifu, ona. Hiki nyeupe sana. Hiki ya kitunguu, si nyeupe sana." Alikuwa na Kiswahili chake cha kuokoteza, lakini uso wake ulikuwa na furaha ya mtoto. Nikamuuliza kama na presha imeshuka. Akasema wengine imeshuka kidogo, wengine hapana. Nikamuuliza, basi mtu mwenye presha akila kitunguu saumu atapona? Akaviweka vichupa chini. "Sungura si mtu. Kwa mtu, mimi sijui." Alikuwa mkweli, na kwa ukweli huo siwezi kumlaumu. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Mimi niliona tui na nikaona maji, nikajua baba yangu ana kichupa kipi mwilini mwake. Nikamuuliza tena, na kikipikwa je? Hapo hakusita. Akasema moto unaua nguvu yake, ndiyo maana hata sisi alitukataza kuyaanika maji yale juani. "Ikipoteza harufu, imepoteza kazi," alisema.

Usiku ule kwenye sinia nikayaeleza yote. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, mkono umesimama na tonge. "Kibichi?" akauliza.

"Kibichi, Baba. Kikipata moto hakifai."

"Na harufu yake?"

"Harufu ndiyo hiyohiyo dawa."

Akalirudisha tonge kwenye sinia, jambo ambalo hakuwa akilifanya. "Mie ndiye niliyemtoa Kombo msikitini, mbele za watu. Hamali wa watu katoka kazini na njaa yake, kala muhogo na saumu, kaja kuswali. Nikamwambia rudi kwako mpaka ikutoke, unawaudhi watu na malaika. Akatoka kainamisha kichwa. Leo mie niingie nanuka?"

"Kombo alikuwa mzima," Mama akasema. "Wewe mgonjwa."

"Pua ya mwenzangu itajuaje kama mie mgonjwa?"

Hata hivyo Mama hakumwacha, na Mama akishika neno hakuliachia. Baba akakubali kujaribu. Akawa anatafuna punje za saumu asubuhi na jioni, macho yamejaa machozi, anashushia na maji. Wakati wa swala anakwenda, anasimama nje kwenye kibaraza cha msikiti, anaadhini kwa ile sauti yake iliyofika mpaka kwenye mikorosho yetu, na watu wakianza kufika yeye anavaa makubadhi yake na kurudi nyumbani kuswali peke yake. Watu walianza kusema. Wakasema kagombana na Maalimu Idi, imamu wetu. Wakasema kaingia tarika nyingine. Alasiri moja nilitoka kazini mapema nikakutana naye njiani, anarudi, huku watu wanakwenda, wanampa salamu kwa upande kama mtu aliyefiwa ambaye hawajui wampe pole ya nani. Nikageuka nikatembea naye. Tukafika mlangoni. "Nawaita watu karamuni," akasema, "halafu mwenyewe nakwenda kukaa jalalani." Siku ya pili yake hakula tena saumu, akarudi safu ya mbele, na jioni yake akacheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Maalimu Idi ndiye aliyeleta njia ya katikati. Alikuja nyumbani mwenyewe, akanywa kahawa, akasema kilichopikwa mpaka harufu ikafa hakina ubaya, mtu akile na aingie msikitini kifua mbele. Mama alishukuru kama aliyeletewa dawa ya Ulaya. Sasa mpishi wa pwani akiambiwa aiue harufu ya kitunguu saumu, ataiua kwa nini? Atakikaanga kwa samli. Mama alimenya punje kibao, akaziteremsha kwenye samli ya moto, akazigeuza kwa utulivu mpaka zikawa laini na rangi ya asali, na uani kukanukia vizuri hata jirani akachungulia juu ya makuti kuuliza kuna hitima ya nani. Akazisaga kwa mgongo wa kijiko, samli yake yote juu, akampa Baba na mkate wa ajemi. Baba alikula akafuta sahani. Akaomba na kesho. Ikawa kila siku, asubuhi na jioni, na Mama akimtazama anavyokula kwa uso ambao sijauona tena kwake, uso wa mtu aliyefaulu.

Mimi nilikuwa natoka kuyeyusha samli kazini naingia nyumbani nakuta samli inayeyushwa. Ni ileile ya Bwana Nasoro. Siku ya kwanza nilidhani sikuona vizuri. Siku ya pili nikasema. Nikamwambia Mama kwamba samli hii ndiyo tunayowapa sungura ili waugue, na kwamba saumu iliyokaangwa haina tena kitu cha kuipiga samli hiyo, kwa hiyo Baba anakula ugonjwa mtupu na dawa iliyokufa. Mama alisimama na mwiko. "Sasa nikaange kwa nini? Kwa maji?" Nikamwambia achemshe. Akachemsha. Baba akakitia mdomoni kile kitu cha kijivu, kikamshinda, akakitema kwenye kiganja. "Hii sasa adhabu," akasema, halafu akaniita. "Seifu, keti. Kibichi kinanifaa, lakini kinanitoa msikitini. Ndivyo?"

"Ndivyo, Baba."

"Kilichopikwa kinaniacha msikitini, lakini hakinifai."

"Daktari ndivyo asemavyo."

"Na samli inazidisha maradhi."

"Kwa sungura, Baba. Kwa mtu hajui."

Akaitazama sufuria, akamtazama Mama, ambaye alikuwa amegeukia ukuta. "Basi nipe mkate," akasema. Nikampa mkate. Nimekuwa nikijiuliza miaka yote hii nilihisi nini wakati ule, kwa sababu ndipo palipoanzia. Nilipaswa kuogopa, au kukasirika, au kumpigia magoti. Nilisikia usingizi. Nilikula nikaenda kulala, na asubuhi nikaamka hivyohivyo, mikono ikifanya kazi na mimi nikiitazama. Tangu hapo kila sikukuu na kila msiba umenikuta katika hali hiyo.

Kazini tulifika wakati wa kuwachinja. Daktari alitaka kuuona ule mshipa mkubwa utokao moyoni. Alikuwa akiupasua kwa urefu, anauoshea maji, anautandaza kwenye kibao, na sisi tunasimama nyuma yake. Mishipa ya wale wa kushoto ilikuwa na mabaka ya manjano, mazito, kama ukoko wa sufuria ya maziwa. Ya wale wa kulia ilikuwa nayo pia lakini machache, na katikati unaona nyama safi. Daktari alipiga mluzi kidogo. Elifasi akanitazama mimi badala ya kutazama kibao. Mchana, tukila mihogo yetu chini ya bati, akaniambia, "Bwana Seifu, mwambie mzee awe anasali nyumbani. Kwani Mungu ana pua?"

"Mungu hana. Baba anayo."

"Huko kwetu mchungaji mwenyewe ananuka kiko mpaka madhabahuni, na baraka zinashuka."

"Basi mlete amchukue Baba."

Akacheka, akanimegea muhogo wake mkubwa, akachukua wangu mdogo. Elifasi alikuwa hivyo. Hakusema pole, alikupa kipande kikubwa.

Kiharusi hakikumpata msikitini, kama watu walivyopenda kusimulia baadaye. Kilimpata chumbani asubuhi, anafunga vifungo vya kanzu. Alimwita Mama, akamwambia mkono umelala, hebu nifungie. Mama alipomaliza kifungo cha juu akaona mdomo umekwenda upande. Bwana Nasoro alitoa gari lake la mizigo, tukamlaza kati ya magunia, tukampeleka hospitali. Elifasi alikuja jioni kutoka kazini na koti lake, akakaa na mimi kwenye benchi la nje. Alikuwa amenunua mahindi mawili ya kuchoma. Watu waliokuwa pale walikuwa wakilia, kila mmoja na mgonjwa wake, na mimi nilikula hindi langu lote, punje kwa punje, kisha akanipa na lake nikala. Alinisubiri nimalize. "Wewe huogopi?" akauliza. Nikamwambia ningependa kuogopa. Hakuniuliza tena, siku hiyo wala baadaye, na nadhani ndiyo sababu nilikaa naye umri mzima.

Baba alirudi nyumbani upande wa kulia umekufa, mkono na mguu, na ulimi mzito, maneno yanatoka kama mtu anayezungumza na chakula mdomoni. Kitanda tukakigeuza ili akabili kibla. Adhana ikachukuliwa na kijana mmoja wa jirani mwenye sauti nyembamba, na ikianza Baba alikuwa akifumba macho mpaka iishe. Daktari alimaliza uchunguzi wake akaenda likizo kwao Ulaya, akatupa mkono wa kwaheri na barua za sifa, na vizimba vikabaki wazi. Na Mama, bila kumuuliza mtu, akaliweka kopo la samli juu ya dari, akaanza kuponda saumu mbichi. Akawa anaiweka kwenye kisosi kando ya kitanda, na Baba anaichukua kwa mkono wa kushoto na kuitafuna kwa jino la kushoto, asubuhi na jioni. Hakukuwa na sababu tena ya kutoila. Chumba kizima kilinuka, shuka zikanuka, wageni wakawa wanakaa karibu na mlango. Iwapo ilimsaidia au la, sijui, kama alivyosema Daktari. Aliishi kitambo, kuliko walivyotarajia hospitali.

Kabla mwaka haujaisha, magharibi moja, Maalimu Idi alikuja na wanaume kama saba wa msikitini. Walikuwa wamekubaliana kwamba kwa kuwa Mzee Salumu, yaani Baba, hawezi kwenda kwenye swala ya jamaa, basi jamaa imwendee yeye. Wamekwisha kutawadha, wamekuja na mikeka yao. Mama alipowaona alikaa chini pale pale uani akajifunika uso na kanga. Wakaingia chumbani, wakaanza kutandika kati ya kitanda na ukuta, na Maalimu akamwinamia. "Mzee Salumu, tumekuja kuswali na wewe."

Baba aliwatazama mmoja mmoja. Ametoka kutafuna saumu punde, kisosi bado kiko pale na punje mbili. Akainua mkono ulio hai. "Nje," akasema.

Maalimu akadhani Baba hakumsikia vizuri, akarudia. Baba akavuta pumzi, akajitahidi na ulimi. "Nanuka. Nyie... nje. Swalini... nje."

"Mgonjwa ana udhuru, mzee wangu. Na hapa si msikitini."

"Pua... zenu... hazina udhuru."

Kuna aliyetaka kucheka, akajizuia. Maalimu akaweka mkono wake juu ya bega la Baba, kisha akawapa ishara, wakaikunja mikeka wakatoka kwenda kuitandika barazani. Baba akanionyesha mlango na mimi, niwafuate. Nikaenda mpaka mlangoni. Niliwaona wanajipanga bega kwa bega, wameacha nafasi mwishoni mwa safu, nafasi ya mtu mmoja, na Maalimu amegeuka ananisubiri. Nikaufunga mlango kwa ndani. Nikarudi kitandani, nikachukua punje moja kwenye kisosi nikaitafuna, ikanichoma ulimi mpaka masikioni, na Baba akanitazama ninavyotafuna mpaka nikameza. Nje wakaanza. Ndani Baba akajisukuma akakaa wima kwenye mto, akakusanya ulimi wake, akakimu, ule wito wa mwisho wa kusimamia swala, neno baada ya neno, kila moja limevunjika na kila moja liko mahali pake. Anayeswali na imamu peke yake husimama kuliani kwake. Nikasimama kulia, upande uliokufa, nikamfuata.